Tarehe mosi ya kupima maji

Baba yangu analima zabibu Hombolo, Dodoma, na kila akipiga simu huanza na swali lilelile: "Mvua huko vipi?" Nilipomweleza kwamba kazi yangu huku milimani Colorado ni kupima theluji, yaani maji yanayolala juu ya ardhi miezi mingi bila kutiririka, alinyamaza kidogo. "Kama tenki?" Ndiyo, baba, kama tenki.

Karibu na tarehe mosi ya kila mwezi, Januari mpaka masika ya huku, tunarudi sehemu zilezile za mlima. Bomba la alumini lenye meno mdomoni tunalizungusha kwenye theluji mpaka liume udongo. Kipande hicho cha udongo ndicho ushahidi kwamba tumefika chini. Unakikwangua kwa kisu, ndipo unalining'iniza bomba kwenye mizani. Siku yangu ya kwanza nilisahau kukwangua, nikaandika maji ambayo hayakuwepo. Nilirudia kituo kizima huku vidole vikiwa vimekufa ganzi, na sijasahau tena.

Tunapima uzito kwa sababu kina kinadanganya. Sentimita 10 za theluji mpya zinaweza kutoa sentimita 1 tu ya maji. Ile ya Machi imeshashindiliwa: sentimita 120 zaweza kutoa 36. Hizo ni milimita 360, zaidi ya nusu ya mvua ya Dodoma ya mwaka mzima, na zimesimama tuli mbele yako!

Halafu mlima hauko sawa. Mteremko unaotazama kaskazini bado ni mweupe wakati wa kusini, unaochomwa na jua, umeshaonyesha nyasi. Upepo unafagia kilele na kurundika nyuma ya ukingo. Kwenye misonobari theluji nyingine inanaswa matawini na kupotelea hewani. Siku hizi ndege hupita na miale ya leza kuchora kina cha bonde zima, ila uzito bado unahitaji watu wenye bomba. Wakulima na miji ya chini wanasubiri namba hizo wajue mto utawapa nini kiangazi.

Nikiwa huko juu namkumbuka bibi yangu kule Chamwino. Hakufukua mchanga wa korongo popote tu. Alitafuta mahali mwamba unapozuia maji yasishuke, akachimba kwa kata mpaka yachuruzike. Na visima vya Mzakwe vinavyoinywesha Dodoma hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Nasi nyumbani tuna akiba isiyoonekana, chini ya ardhi, na ningependa kila kijiji kiwe na mtu wa kuipima.

Kwa hiyo nimemwomba baba afunge jiwe kwenye kamba, apige fundo kila mita, aishushe kisimani kwake tarehe mosi, siku yangu ya mlimani. Juzi ujumbe wake umeingia nikiwa bado nimevaa glovu: "Kamba imelowa kuanzia fundo la 9. Andika."

Nimeandika.