Jinsi nilivyolilaza lori langu Korogwe nikaenda Oman

Nilipopata mkataba wa kazi bandarini Sohar, Oman, jambo lililoninyima usingizi nyumbani halikuwa nauli wala viza. Lilikuwa lori. Ni Scania 113, la zamani, la pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, na kazi yake ilikuwa kubeba marobota ya mkonge kutoka mashambani kushuka Tanga. Kuliuza sikutaka. Kumwachia dereva nako sikutaka, maana lori ambalo mwenyewe yuko ng'ambo huzeeka upesi mno. Nikaamua lilale mpaka nirudi. Na karibu kila niliyemweleza alinipa ushauri mmoja: "Mwachie mtu ufunguo, awe analipiga stata kila Jumamosi, alipashe dakika kumi, basi."

Ushauri huo niliukataa tangu mwanzo, na bado naukataa. Kila lita ya dizeli inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji, kama mvuke. Mwingi wa mvuke huo hutoka na moshi, lakini sehemu yake hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Lori likiwa safarini, oili inapata moto wa kutosha, maji yale yanachemka na kutokea kwenye bomba la kupumulia la injini. Likinguruma dakika kumi limesimama, oili haifiki kwenye joto hilo. Maji yanabaki kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pamoja na masizi, na yakichanganyika na mabaki ya salfa yanakuwa tindikali. Kwa hiyo mwenye kupasha injini kila Jumamosi anaongeza maji ndani yake kila Jumamosi, na ule umeme uliotumika kupiga stata haurudi wote kwenye betri kwa dakika kumi. Ama uliendeshe lori barabarani saa nzima likiwa kazini, ama uliandae vizuri kisha uliache kabisa.

Nilivyoona mimi, kinachoua lori lililosimama ni maji. Yanaingia kwenye dizeli, kwenye oili, kwenye mitungi ya upepo wa breki, kwenye radieta, na kati ya lining'i za breki, vile vipande vinavyosugua, na dramu zake. Maandalizi yangu yote yalikuwa kuyatoa maji pale yalipo na kuyazuia yasirudi.

Ndiyo maana sikuliacha Tanga mjini. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata siku ya jua. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana kiwanja Korogwe, karibu kilomita 90 kutoka pwani, na upande mmoja ameezeka banda la mabati lisilo na kuta. Banda la namna hiyo naliamini kuliko turubai. Turubai likifungwa kwa kubana, jasho la ardhini hupanda usiku, linakosa pa kutokea, na chesisi inaoga kila alfajiri.

Kabla ya kuondoka Tanga nililiosha lori lote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini: chesisi, springi, pembe za bodi ambako vumbi la mkonge hujikusanya na kushika unyevu kama sifongo. Likakauka juani, tukapiga grisi kila nipeli, vile vichuchu vya kuingizia grisi, mpaka ya zamani ikatoka nje. Kisha oili. Fundi wangu alitaka tuibadilishe Korogwe baada ya kufika, ili lilale na oili mpya kabisa. Mimi nilitaka tuibadilishe Tanga, pamoja na filta, halafu lisafiri. Hoja yangu ni kwamba zile kilomita 90 zingeifikisha oili mpya kila mahali ikiwa ya moto, mpaka kwenye turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, na uchafu wa safari moja fupi si kitu. Tulibishana kwa heshima, naye akakubali. Ningefanya hivyohivyo tena.

Dizeli ndiyo iliyotutesa akili. Tenki lililojaa nusu, nusu yake nyingine ni hewa. Mchana hewa hiyo inatanuka na kutoka, usiku inapoa na kuvuta hewa ya nje yenye unyevu kupitia tundu la kupumulia. Unyevu unageuka matone ukutani mwa tenki, matone yanateremka na kutuama chini kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Pale dizeli inapokutana na maji ndipo vijidudu huzaliana, wakatengeneza uchafu mweusi wa utelezi unaoziba filta. Unaweza kuuona mwenyewe. Fungua nati ya chini ya tenki, ile inayotoka kwanza ikinge kwa chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache mezani usiku kucha. Asubuhi, kama kuna maji, utaona mstari: chini maji, juu dizeli, na kama vijidudu wameshaingia, katikati kuna utando wa kahawia unaoning'inia. Chupa yangu ya kwanza ilikuwa na maji ya kina cha kidole. Tukaendelea kumwaga mpaka chupa ikatoka safi, tukamwaga na kile kikombe cha kuchujia maji, tukaweka filta mpya.

Dawa ni kujaza tenki mpaka shingoni ili hewa isiwe na nafasi. Shemeji aliposikia alishtuka. "Shemeji, lita 300 za dizeli zilale hapa nje? Hapo si unawaita wezi kwa majina yao?" Alikuwa na haki ya kuuliza, na kwetu hili halikwepeki: ushauri wa kujaza tenki umeandikwa kwa watu wasioibiwa mafuta. Tulifikiria kuliacha tupu, lakini tenki tupu la chuma linashika kutu lote ndani, na kutu hiyo ndiyo inayokuja kula pampu na nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Tukaamua kuliegesha upande wa tenki ukielekea ukuta, umebaki upenyo ambao mtu hapiti na dumu. Mfuniko ukafungwa kwa kufuli, na nati ya chini ikafunikwa kwa bamba lililokazwa na bolti. Dizeli yenyewe niliinunua kituo kinachouza sana, si ya mapipa, kwa sababu kituo chenye foleni mafuta yake hayakai. Nilitia dawa ya kuua vijidudu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nikafanya hivyo Tanga ili dizeli yenye dawa ipite kwenye pampu na nozeli njiani. Korogwe nilijazia iliyopungua.

Kwenye radieta nilikuta wengi hawanielewi. Watu husema kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya radieta, ni ya nchi za barafu. Lakini ndani ya kulanti mna dawa ya kuzuia kutu, na injini hii laina zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji moja kwa moja. Maji ya kisima ya pwani, yenye chumvichumvi, yakikaa humo mwaka mzima hayatembei, utakuja kuyatoa yakiwa na rangi ya matofali. Tuliosha mfumo mpaka maji yakatoka meupe, tukajaza kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri.

Breki nataka nizieleze polepole kwa sababu ndizo hatari. Kwenye lori la namna hii breki ya maegesho, yaani ya mkono, inashikwa na springi iliyo ndani ya boosta za nyuma, ile mikebe ya upepo inayosukuma breki. Upepo ndio unaoiachia. Upepo ukiisha, springi inakandamiza lining'i kwenye dramu, na zikikaa hivyo masika mawili kutu inazigundisha. Kwa hiyo tuliegesha mahali tambarare, tukaweka vigingi vya mti mgumu mbele na nyuma ya matairi, tukaacha injini ijaze upepo kamili, tukaachia breki ya mkono. Ndipo fundi akakaza ile bolti ndefu ya kila boosta, ya kuirudisha springi nyuma, mpaka springi ikashikwa. Boosta yenyewe haifunguliwi kamwe: springi ile ikiruka inaua mtu. Baada ya hapo tukazima injini na kumwaga mitungi ya upepo kwa kuvuta zile pete za chini. Mtungi wa kwanza ulitema maji meupe yaliyochanganyika na oili, na tukaendelea mpaka ukatoa upepo mtupu. Kwenye usukani nikafunga kitambaa chekundu na kadi: BREKI YA MKONO HAISHIKI. BOMBA LA MOSHI LIMEZIBWA.

Maana tulilifunga kweli bomba la moshi, na mdomo wa kuvutia hewa pia, kwa nailoni nzito na mpira. Kwetu nyigu huhamia kwenye tundu lolote. Panya nao tuliwanyima sababu: kabini ilifagiwa mpaka chini ya viti, kusibaki punje wala uzi wa mkonge wa kujengea kiota.

Matairi, kwa ufupi: eksili zilipandishwa kwenye magogo ya mvule ili uzito upungue, upepo ukajazwa kamili, na pale jua la jioni linapofika tukatundika magunia.

Betri mbili zilitolewa, waya wa hasi ukianza, zikaenda kukaa ndani kwenye ubao. Hapa ndipo shemeji alipokuwa na kazi, na aliifanya kwa uaminifu ambao sijui nitaulipaje. Kila mwisho wa mwezi alizipima kwa mita na kunitumia picha WhatsApp. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 na zaidi, ikishuka 12.4 inapelekwa chaji, kwa sababu betri iliyoachwa njaa kwenye joto letu inaganda salfa kwenye sahani na hairudi. Ufunguo wa stata sikumwachia. Alizunguka lori, akaangalia kama kuna kinachovuja, akapima betri, akafunga banda.

Niliporudi tulifuata njia ileile kinyumenyume. Nailoni kwanza. Chupa ya dizeli ya chini ya tenki ikalala usiku kucha, na asubuhi ilikuwa ya rangi moja. Hata hivyo dizeli ya zaidi ya mwaka siiamini peke yake, tukapunguza nusu kwenye mapipa na kuongeza mpya. Oili ikabadilishwa. Kabla ya kuwasha tulivuta waya wa kuzimia ili dizeli isiingie, tukapiga stata kwa vipande vifupi mpaka mshale wa geji ya presha ya oili ukainuka. Turbo kavu ikizungushwa kwa kasi inajila. Kisha fundi akatoa hewa kwa pampu ya mkono, akaachia waya, na injini ikashika kwa moshi mweupe uliokwisha haraka.

Si kwamba kila kitu kilikuwa salama. Matairi mawili ya mbele yalipasuka nyufa ubavuni na nikayabadilisha. Sili ya pampu ya maji ilidondosha matone, ikabidi iwekwe mpya. Dramu zilikuwa na kutu nyepesi iliyofutika kabla hatujafika Segera, na boosta zote zilirudishwa bolti zake upepo ukiwa umejaa, vigingi vikiwa bado mahali pake.

Katika gharama zote, dizeli ndiyo iliyokuwa kubwa. Nayo haikupotea: ile ya tenkini iliturudisha Tanga, na ya mapipani niliichanganya kidogo kidogo na mpya kwenye safari za marobota zilizofuata.