Akrabu kwenye saba: nasafisha sinema bubu ya 1925

Wiki ya kwanza

Nimeamua. Baada ya kuokoa kanda za harusi za ukoo mzima, sasa najipa zawadi: sinema bubu ya mapenzi na vichekesho, Seven Chances (yaani Nafasi Saba) ya mchekeshaji Buster Keaton, iliyotoka Machi 1925. Ni fupi, dakika 56 hivi. Kijana Jimmie (Keaton mwenyewe) na mshirika wake wanakaribia kufilisika, mara wakili anawaletea wosia wa babu: dola milioni saba, mradi awe ameoa kabla ya saa moja usiku siku anapotimiza miaka 27. Na siku yenyewe ndiyo leo. Anakwenda mbio kwa Mary, ampendaye siku zote, halafu anaharibu kwa mdomo wake mwenyewe: anamwambia imemlazimu aoe mtu, awe yeyote. Mary anasusa. Kuanzia hapo ni kuposa kila sketi inayopita, hadi mshirika wake anapotoa habari gazetini na mamia ya wanawake wenye shela kuvamia kanisa.

Kisheria niko salama. Kule Marekani kazi za 1925 ziliachiwa umma tarehe 1 Januari 2021. Cineteca di Bologna, hifadhi ya filamu ya Italia, na wenzao wa kampuni ya Cohen wamezifanyia sinema za Keaton ukarabati wa maana, kutoka kwenye filamu zenyewe, na anayetaka picha safi kabisa aende kwao. Mimi nina faili la nakala ya zamani, laptopu yenye feni inayolia kama cherehani, na shangazi ambaye hasomi Kiingereza. Nataka tuitazame sebuleni kwa Kiswahili. Basi.

Siku chache baadaye

Faili ni bovu kuliko nilivyodhani. Lilipitishwa kwenye mfumo wa televisheni wa Marekani, kwa hiyo katika kila fremu tano, mbili zimechanganywa na jirani zao. Ukisimamisha picha Keaton ana pua mbili. FFmpeg, programu ya kuchakata video, imezichambua nikarudi kwenye fremu 24 kwa sekunde.

Halafu likaja suala la kasi. Wapiga picha wa zamani walizungusha kamera kwa mkono, na wachekeshaji walikuwa wakizungusha polepole makusudi ili mbio zionekane kali zaidi. Nilijaribu fremu 20: Keaton akawa anatembea kama aliyezama kiunoni, na kicheko kikafa. Nimetulia kwenye 22, sinema ikawa ya kama dakika 60, na ile sehemu ya mabibi harusi wanaomkimbiza nimeiacha 24. Wataalamu wasinipige mawe. Na ile programu ya akili bandia inayobuni fremu za katikati nimeifuta kabisa. Iligeuza miguu ya Keaton uji.

Rangi

Watu husahau kwamba sinema hii inaanza kwa rangi. Dakika za mwanzo zilipigwa kwa Technicolor ya siku zile, yenye rangi mbili tu, nyekundu na kijani, filamu mbili nyembamba zilizogundishwa mgongo kwa mgongo. Jimmie yuko getini na Mary, anataka kusema anampenda, hasemi. Majira yanabadilika, hasemi. Wakati wote huo mbwa wa Mary, aliyeanza kitoto cha kubeba kiganjani, anakua hadi kuwa jitu. Binti yangu theluji haimwambii kitu, lakini mbwa alimwelewa papo hapo: "Baba, huyu kaka mwoga sana."

Kwenye nakala yangu rangi zimechuja zikawa chai ya maziwa. Nilivuta anga ikawa buluu nzuri, nikajisifu usiku kucha. Asubuhi nikatambua nimesema uongo: mfumo ule haukuwa na buluu ya kutoa. Nimeitoa. Anga sasa ni ya kijani kibichi iliyopauka, na ngozi zina wekundu wa tofali. Ndivyo ilivyokuwa.

Filta imekula mawe

Hii imenigharimu wiki nzima. Filta ya kuondoa vumbi hufanya kazi kwa kulinganisha fremu na zile za kabla na baada yake. Doa likitokea kwenye fremu moja tu, inalihesabu uchafu na kulifuta. Nikaiwasha, nikarenda (yaani kompyuta ikatoa picha nzima upya) saa tisa, umeme ukakatika ukiwa umebaki mchache, nikarenda tena. Picha ikatoka safi kama sahani ya mgeni.

Ila kuna kitu kilikuwa kimepungua. Kuna pale klabuni Jimmie anarusha kikaratasi cha posa kwa mwanamke aliye juu kwenye roshani. Anakisoma, anakichana, vipande vinamnyeshea Jimmie kichwani. Kwangu vipande havikunyesha. Filta ilikuwa imevizoa kama chawa. Nikaruka moja kwa moja hadi mlimani, ambako Jimmie anakimbia mawe yanayoporomoka.

Mlima huo una kisa chake. Walipoijaribu sinema kwa watazamaji, mwisho ulipoa, isipokuwa sekunde chache ambapo Keaton aliporomosha mawe matatu kwa bahati mbaya yakamfuata. Watu wakacheka. Akarudi studio akatengenezewa mawe bandia, kwa simulizi yake kama 1,500, makubwa yakifika futi nane. Sehemu inayokumbukwa kuliko zote ilitokana na kujikwaa. Nami kwa kompyuta nilikuwa nayafuta yale madogo yanayoruka mbele ya makubwa! Bila kokoto, majabali yanaonekana kama maputo.

Nimezima filta kwenye sehemu hizo mbili, nikakaa na kipanya mkononi nikifuta mikwaruzo fremu kwa fremu. Kokoto au vumbi? Kanuni yangu: kikiwa na kivuli ni kokoto.

Saa moja

Kadi za maandishi, zile zinazokatiza picha kusema maneno ya waigizaji, ndizo nilizodhani rahisi. Kwa Kiingereza namba saba inapigwa kama ngoma: nafasi saba, milioni saba, saa saba kwa hesabu yao. Kwetu saa hiyo ni saa moja, na ngoma inapasuka katikati. Nilizunguka siku tatu. Kuandika "saa saba" ni kumtoa mtazamaji kwenye adhana ya magharibi na kumpeleka adhuhuri. Mwishowe nikaandika: "Kabla akrabu fupi haijagota kwenye saba, jioni hii." Namba imebaki na saa haijadanganya. Na uzuri ni kwamba picha za saa ukutani hazihitaji tafsiri. Kila Mswahili akiona akrabu kwenye saba anajua ni saa moja.

Lipo pia duka la fundi saa, ambapo Jimmie anaingia kuuliza wakati: kila saa dirishani inasema lake, na ya fundi mwenyewe imesimama. Mpwa wangu, anayepiga kinanda, alitaka kutia mlio wa tik-tak. Nimekataa. Kwa mbio za mabibi harusi lakini amenishinda: ameweka chakacha, kinanda na dumbaki. Ngoma ya wanawake, ya harusini. Hakuna kilichowahi kukaa mahali pake namna ile.

Kilichonikera

Mtumishi anayetumwa na Mary kupeleka barua ni mzungu aliyepakwa masizi usoni. Kisha kuna kichekesho cha sekunde chache: Jimmie anamwendea mwanamke kutoka nyuma, yule anageuka, ni mweusi, na Jimmie anarudi kinyumenyume. Nimetengeneza nakala mbili. Ya kabati ina kila kitu, kwa sababu hicho ndicho kilichochekesha kumbi za 1925 na sina haki ya kukificha. Ya sebuleni haina zile sekunde. Mtumishi nimemwacha hata humo, maana farasi wake anayejikokota na ile barua ndiye saa ya pili ya sinema. Ila niliwaambia mapema watakachokiona.

Ijumaa usiku

Flashi kwenye TV, watu tisa, maandazi. Shangazi alisoma kadi kwa sauti, kisha akaanza kuongeza zake, kibanda umiza kabisa. Jimmie alipokataliwa mara ya tano hakuvumilia: "Hivi huyu hana hata mshenga? Unajipeleka mwenyewe, mikono mitupu, na barua kwenye leso!" Mabibi harusi walipojaa kanisani Jimmie amelala bencho la mbele, jirani yetu alipiga kigelegele.

Mwishoni, ndoa imefungwa, kila mtu anambusu Mary kabla ya bwana harusi kupata zamu. Halafu anakuja yule mbwa.

Yaliyobaki: kadi ya kumi na nne nimeandika "kanisini", na dakika ya 52 kuna kokoto moja nimeifuta kimakosa. Shangazi ameshaondoka na flashi kwenda kuwaonyesha wenzake wa kikoba, kwa hiyo hilo kosa litasambaa kwanza.