Nimerudi Lubumbashi, na watoto wananiuliza nitaondoka lini

Jamani salamu kwenu wote. Nimerudi Lubumbashi baada ya miaka mingi Dar es Salaam, nimerudi moja kwa moja, na mizigo yote na mashine zangu za kuchomelea zilizopita Tunduma na Zambia yote mpaka Kasumbalesa, na kabla sijawajibu mmoja mmoja mnaonipigia simu kuuliza nyumbani kukoje naandika hapa kwa pamoja, maana kinachonikosesha usingizi sio barabara wala umeme, ni vijana.

Mji wenyewe mnaujua. Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba bado vimesimama palepale, soko la Kenya, sio nchi, ni mtaa wa hapahapa mjini, limefurika mpaka barabarani, bukari (ugali) na sombe (kisamvu) ni vilevile kama mama alivyopika. Ila vijana wamekuwa wengi jamani, wengi sana, wanasukuma mikokoteni, wanauza maji ya mfuko, wanabeba magunia, wanaosha magari yaliyosimama foleni, wengine wamerudi kutoka kwenye machimbo ya upande wa Kolwezi na Likasi na hawana hata viatu vya kubadilisha, halafu kuna wale wadogo kabisa, batoto ya njia, wanaolala kwenye baraza za maduka na asubuhi wanafukuzwa kwa maji ya ndoo.

Na kila ninaposimama kuongea nao, hata kabla hawajaniomba kitu, swali ni moja: "Yaya (yaani kaka), utarudia lini kule?" Wananiuliza wa mtaani kwetu Katuba, wakaniuliza na wa sokoni ambao hata hawanijui, wameona tu viatu na lafudhi wakajua huyu katoka nje. Nimelifikiria sana hilo swali. Hawa watoto wamezoea kwamba mtu mzima ni wa kupita, anakuja Noeli, ananunua soda, anapiga nao picha, anaondoka. Wamejifunza kuchukua haraka chochote kilichopo kwa sababu kesho huyo mtu hayupo. Mi siwalaumu hata kidogo.

Ndo hapo Don Bosco ananijia, yule padri Mwitalia aliyeanzisha shirika la Wasalesiani. Ukikulia Lubumbashi huwezi kukwepa jina hilo, kuna shule za Imara na Salama, kuna Cité des Jeunes kwa ufundi, kuna Bakanja inayopokea watoto wa barabarani, kuna Kafubu nje ya mji. Wasalesiani walifika hapa 1911, mji wenyewe ulikuwa na mwaka mmoja tu, na niseme wazi kwamba serikali ya wakoloni iliwakabidhi shule ya watoto wa wazungu upande mmoja na shule ya ufundi ya Waafrika upande mwingine, kila mtu na mlango wake. Hilo lilikuwa baya na libaki limeandikwa. Lakini mtu aliyeanzisha shirika lenyewe alikuwa mtoto maskini aliyefanya vibarua, na ukimsoma maisha yake unaona kama anaongelea watoto wa soko la Kenya.

Giovanni Bosco alizaliwa 1815 kijijini Becchi, Piemonte, kaskazini ya Italia. Baba alikufa yeye hajafika hata miaka miwili, akalelewa na mama, Margherita, mkulima asiyejua kusoma. Kaka yake wa mama mwingine hakutaka kumwona na kitabu, alitaka jembe, mpaka ikabidi kijana aende kufanya kazi ya ndani kwenye shamba la watu wengine ili nyumbani kuwe na amani. Baadaye alipopata shule kule Chieri alijilipia kwa mikono yake, alijifunza kushona kwa fundi nguo, akahudumu kwenye mkahawa. Kwa hiyo alipokuja kuongea na mtoto wa kibarua hakuwa anabahatisha, njaa ya asubuhi kazini alikuwa anaijua.

Akapata upadre 1841, akaenda Torino, na padri mwenzake Giuseppe Cafasso akawa anampeleka magerezani. Torino wakati ule ilikuwa inajengwa kwa kasi, vijana wanatoka vijijini kutafuta kazi za ujenzi, wengine wanasafisha mabomba ya moshi, hawana ndugu mjini, wanaiba mkate, wanafungwa. Alichokiona Don Bosco gerezani ni kwamba kijana anatoka, na baada ya muda anarudi tena mlemle ndani. Wengi wangesema hawa wameshaharibika. Yeye akaona kwamba nje hakuna mtu anayewasubiri, na akajiuliza ingekuwaje kama huyu angekuwa na rafiki mmoja huko nje, mtu wa kumwangalia na kumfundisha.

Halafu ile habari ya tarehe 8 Desemba 1841 kwenye sakristia, chumba cha padri kuvalia mavazi ya misa, ya kanisa la San Francesco d'Assisi, hii kila mtoto aliyepita kwa Wasalesiani ameisikia, lakini nimeisoma upya nikiwa mtu mzima na imenigusa tofauti. Mtumishi wa sakristia anamwona kijana amesimama tu pale, anamuuliza unajua kutumikia misa, hajui, anamchapa anamtoa nje. Don Bosco anasema mrudishe, huyo ni rafiki yangu. Kumbe hata jina lake hamjui! Kijana anarudi anatetemeka, anaitwa Bartolomeo Garelli, kibarua wa ujenzi, yatima, hajui kusoma, hajui kuandika, kila anachoulizwa ni hapana, hapana, mpaka Don Bosco anamuuliza, kupiga mluzi je, unajua? Kijana akacheka. Padri alitafuta mpaka akapata kitu kimoja ambacho huyu mtoto anakiweza, ndo akaanzia hapo. Sisi tunaanzia wapi? Tunaanza na cheti, na umesoma mpaka darasa la ngapi, na mbona unanuka.

Wale vijana wakawa mamia, wakafukuzwa huku na kule kwa sababu ya kelele, mpaka Pasaka ya 1846 wakapata banda la mtu mmoja aitwaye Pinardi pale Valdocco, fupi hivi kwamba ilibidi sakafu ichimbwe ndo mtu asimame vizuri. Mama yake Don Bosco akahamia huko mwezi wa 11 mwaka uleule, akaacha shamba lake na wajukuu, nguo zake za harusi zikaishia kushonwa mavazi ya misa ya kanisa lao.

Sasa sikilizeni hii, maana hii ndo ningependa ndugu zangu wa nje waisikie. Vijana wa kwanza aliowalaza nyumbani, aliwapa nafasi darini kwenye majani makavu, na mashuka na mablanketi. Asubuhi anaenda kuwaamsha, hakuna mtu, wameondoka na mablanketi. Mnajua sisi tunafanyaje hapo. Tunapiga simu kwa kila mtu, tunasema nilijaribu kusaidia, wakaniibia, hawa sio watu. Mtu mmoja wa huku Kampemba aliniambia hivohivo wiki niliyofika, alimpa mtoto wa barabarani kazi dukani, mtoto akakimbia na simu, basi mpaka leo hataki kusikia habari ya mtoto yeyote. Ile nyumba Torino haikufungwa. Mwezi wa 5 mwaka 1847 mvua ikinyesha akabisha mwingine, kijana wa miaka kama 15 amelowa mpaka mifupani, hela imemuishia, kazi hana. Margherita akampa supu, akamtandikia jikoni, matofali chini na mbao juu. Huyo akabaki asubuhi, na baada yake wakaja wengine.

Njia yake aliiandika 1877, anaiita mfumo wa kuzuia, imesimama juu ya akili, dini na upendo. Kwa maneno ya kwetu, unakaa na mtoto kabla hajaanguka, humngojei aanguke ndo umkamate na fimbo. Inaonekana nyepesi ukiisoma, ila inakula muda wako wote, kwa sababu lazima uwepo, na sio ofisini, uwanjani. Mwaka 1884, mzee sasa na mgonjwa, aliandika barua kutoka Roma kwenda kwa watu wake, anasimulia kuwa ameota uwanja wa zamani umejaa kelele, mapadri wanakimbia pamoja na watoto, halafu anaona uwanja wa sasa, watoto wameegemea ukuta, walezi wamesimama pembeni wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Na pale anasema haitoshi vijana kupendwa, lazima wenyewe wajue kwamba wanapendwa. Mi hiyo barua naona imeandikiwa diaspora yetu. Tunawapenda sana watoto wa nyumbani, tunatuma hela, tunalia tukiona habari, ila mtoto wa Katuba atalijuaje hilo kama hajawahi kuniona mchana wa siku ya kawaida nimekaa naye nafanya kazi?

Nije kwenye kazi basi, maana mi ni fundi. Mnajua mambo ya atelye za huku, yaani karakana. Mama anamleta mtoto kujifunza, analipa kitu kidogo cha kuingilia, halafu mtoto anakaa mwaka mzima anafagia, anamnunulia patroni, mwenye karakana, chakula, anaosha gari la patroni, anapigwa akichelewa, na kazi yenyewe haijui. Jirani yetu ana kijana wa hivyo. Nilimpa mashine yangu nione, hajui hata kupanga nguvu ya moto kulingana na unene wa chuma, bageti, ile fimbo ya kuchomelea, inaganda kwenye bati anaivuta kama anang'oa jino. Lakini macho yake mekundu! Kazi yake kule ilikuwa kuwashikia wenzake vyuma wakichomelea, bila maski, na usiku analala na vipande vya kiazi kwenye macho analia, mama yake ndo aliyenisimulia.

Februari 1852 Don Bosco alikaa mezani na fundi seremala wa Torino, Giuseppe Bertolino, na kijana Giuseppe Odasso na baba yake, wakaandika mkataba wa miaka miwili kwenye karatasi yenye stempu ya serikali. Fundi anaahidi kumfundisha kijana useremala, na kumtumia kwa kazi za useremala tu, sio kazi nyingine zozote. Akikosea atamrekebisha kwa maneno, sio vinginevyo. Siku za sikukuu ni zake. Atalipwa, na mshahara unapanda kadiri muda unavyoenda. Na kijana naye anaahidi utii na bidii. Wote wakasaini, na padri akasaini. Hebu fikirieni, karne ya 19, mtoto maskini kabisa ana karatasi ya serikali inayomkataza patroni kumpiga. Mahubiri ni mazuri lakini ile karatasi mi naiona ndo mahubiri makubwa kuliko yote, na nasikitika kwamba wengi wetu tulioimba nyimbo za Don Bosco utotoni hatukuwahi kuambiwa habari za hiyo karatasi.

Baadaye akaanza karakana zake mwenyewe, viatu na nguo 1853, halafu vitabu, useremala, uchapaji, chuma, maana aliona ni rahisi zaidi kumlinda mtoto ukiwa patroni ni wewe.

Basi na mi nimekodi kiwanja kidogo karibu na nyumbani, paa tayari, mashine tayari, umeme ukikatika kuna jenereta. Yule kijana wa jirani anaanza Jumatatu pamoja na mwenzake aliyekuwa anasukuma mkokoteni. Jana jioni tulikaa na mama zao wawili na mjomba wa mmoja, nikasoma kila sentensi kwa sauti, Kiswahili cha hapahapa kila mtu aelewe: miaka miwili, hakuna kulipa kuingia, maski ni ya kwangu kutoa na hakuna kushika chuma bila maski, hakuna kumtuma sokoni saa za kazi, hakuna kupiga, Jumapili ni yao, pesa kidogo kila Jumamosi na kila miezi sita inaongezeka. Mjomba akauliza, na wewe ukirudia Dar? Swali zuri sana, mzee wa watu. Tukaongeza mstari kwamba nikiondoka kabla ya miaka miwili mashine moja inabaki kwa vijana, na yeye mjomba ndo shahidi. Amesaini, mama mmoja ameweka dole gumba. Wenye atelye hapa Lubumbashi wanaotaka kuuona huo mkataba waubadilishe watakavyo waniandikie, nitawatumia picha yake.