Mkia wa nyangumi ninao, ila hauonekani

Drake Passage, ile bahari kati ya Amerika Kusini na Antaktika, tuliivuka siku mbili na mi siku zote hizo nlikuwa kitandani nimekumbatia mfuko wa kutapikia, kwa hiyo hapo sina cha kusimulia. Yale mawimbi yanazunguka dunia bila kugonga nchi kavu, yakikufikia yana hasira zao.

Ila Lemaire Channel jamani. Kilomita 11 hivi za maji katikati ya milima ya Antaktika, yametulia mpaka mlima unauona mara mbili, na watu wote deki ya mbele hakuna anayeongea. Nkapiga picha kama mwendawazimu, kuja kuangalia theluji yote imekuwa kijivu kama majivu ya jikoni. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, inabidi wewe uiongezee, mi stopu (kipimo cha mwanga wa kamera) moja na nusu ndo ilinitosha. Nlikuwa nalijua hilo, nkasahau tu. Sasa niko narekebisha, betri hiyo, kwishnei. Na ilikuwa zaidi ya nusu! Baridi inazimaliza, ndo maana wenzangu betri zao walizificha mifuko ya ndani zigusane na mwili, zangu mi nimeziacha kabini kwenye chaja.

Nkashuka ngazi mbio, kamera shingoni. Kosa hilo. Kamera ina baridi, kabini ina joto, unyevu wote ukaikimbilia, lenzi nyeupe pyee, nafuta na fulana ukungu unarudi. Nkapanda hivyo hivyo, na kufika tu nasikia pfuuu, nyangumi wawili wa nundu ubavuni kabisa mwa meli, pumzi yao inanuka samaki waliooza. Mmoja akainua mkia taratibu, maji yanachuruzika ukingoni, chini una mabaka meupe na mikwaruzo kama meza ya darasani. Nkabonyeza, nkabonyeza.

Mwongoza watalii wetu alipoiona kamera akacheka: ungeifunga kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia ndani, unyevu ungegandia mfuko. Halafu akaniletea habari za mpiga picha Frank Hurley, ambaye 1915 alizamia kwenye maji ya barafu ndani ya meli yao Endurance iliyokuwa inasagwa na barafu ili aokoe negativu zake za vioo, kisha akalazimika kuvunja kama 400 maana hazibebeki. Sikufarijika hata kidogo, za kwake 120 alizobaki nazo zilikuwa zinaonekana.

Usiku ule, ambao wenyewe hata giza hauna, nililala na betri tatu ndani ya soksi.