Ile sanduku nyekundu ya bamama wa Nyawera

Juzi mutoto wa shangazi yangu ameniuliza kwa WhatsApp: "Yaya, kama ugonjwa kama ile ya korona ikirudia tena, mutu ataomba musaada wapi?" Nilianza kumujibu kwa mesaji ya sauti, nikaona inakuwa ndefu, basi naandika hapa, juu mwaka 2020 mimi nilipitia mulango mubaya kwanza, mulango muzuri nikaiona nyuma.

Wenye mulikuwa Bukavu munakumbuka. Mugonjwa wa kwanza alipatikana Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, siye tukaona ni mambo ya mbali. Kisha masomo ikafungwa, Rwanda ikafunga mupaka, na tarehe 24 Machi Prezida Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Mama alikuwa anavukaka mupaka wa Ruzizi 1 kila asubui, anaenda Kamembe, upande wa Rwanda, kuchukua mayai na nyanya, anakuja kuuzisha kwa soko ya Nyawera. Mimi niko na kibanda ya fotokopi kando ya masomo. Mupaka hakuna, watoto hakuna. Feza ya mama ya kuzungusha ilikuwa dola 80, tuliikula yote mbele ya Pasaka: unga, makala, dawa ya mudogo wangu, ikaisha.

Hapo njo nilifanya kosa. Kwa avenue yetu kuko mutu anakopeshaka, banki Lambert, munaijua: unachukua 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150, na unamuachia kitu. Nilimuachia mashini ya fotokopi. Nilijiambia watafungua karibuni. Aprili ikapita, Mei, Juni, hali ya dharura ikaisha mu Julai, na ile deni kila mwezi inazaa ingine. Mudogo wangu, deni ya kununua bidhaa unaweza kuilipa juu bidhaa itauzika, lakini deni ya kula, wakati kazi imesimama kabisa, utailipa na nini? Usikubali, hata kama mwenye kukopesha ni jirani na anakusalimia vizuri.

Serikali nayo ilifanya kitu, tuseme ukweli. Maji na umeme vilitangazwa bure kwa miezi mbili, wenye nyumba wakakatazwa kufukuza wapangaji wenye hawakulipa kodi, na Banki Kuu ikahimiza mabanki yapange upya madeni ya wateja. Lakini kwetu kule juu bomba haifikaki, maji tunanunuaka kwa bidoo, hiyo bure ya Regideso, kampuni ya maji ya serikali, ingetufikia wapi? Ile ya kodi njo ilitusaidia, na ilitusaidia juu jirani mumoja aliisikia kwa radio akaja kutuambia. Mama akaenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, na eshima yote: "Baba, hatukimbie, tutakulipa kidogo kidogo." Akakubali miezi tatu. Na kama uko na kredi kwa coopec, ile koperative ya akiba na kredi, ao kwa banki, enda mapema, mbele ya kukosa malipo ya kwanza, na barua mukononi. Rafiki yangu wa kuuzisha bitenge alifanya vile, wakamuongezea miezi sita. Mwengine alizima simu, wakamufuata mpaka kwake na penalite juu. Na zile mesaji za "tuma dola 5 ya kufungua dosie ya musaada", futa tu, mwenye kukupa musaada hakuombe feza kwanza.

Sasa mulango muzuri. Mama iko mu muso tangu zamani, ni kikundi ya kuweka akiba na kusaidiana, bamama 22 wa soko, wanakutana kila Alhamisi. Mimi nilikuwa naona ni mambo yao tu, kuimba na kuandika franka 500 mu kaye, ile daftari ya kikundi. Kwa wenye hamujue, muso iko na masanduku. Ya kijani ni akiba ya kila mutu, inatoka kama kredi na faida kidogo, na ile faida inabaki kwenu wenyewe. Nyekundu ni ya shida: ugonjwa, kilio, nyumba kuungua. Ile ukishatia haurudishiwi, na mwenye kupewa harudishi. Ya bluu ni feza ya inje, kama coopec ikikopesha kikundi muzima. Aprili ile mikutano ya watu kupita 20 ilikuwa imekatazwa, kwa hiyo waligawanyika makundi mawili mu parsele ya mumoja wao, wakakubaliana kama kufungwa kwa mupaka ni shida sawa na nyumba kuungua. Kila mama akapata 20.000 franka. Ni kama dola kumi na moja, utasema ni kidogo, na kweli ni kidogo, lakini hakuna faida, hakuna dosie, na mama hakupiga magoti mbele ya mutu, juu ni yeye mwenyewe alikuwa anaitia, 500 kwa 500, myaka yote ile.

Kisha wakafungua ya kijani. Mama na wenzake watatu wakakopa pamoja. Watu hawavuke lakini malori ya bidhaa yanavuka, basi wakapigia muuzaji wao wa Kamembe, wakamutumia feza kwa simu, bidhaa ya watu wane ikapakiwa gari moja. Mayai mengine yalifika yamepasuka, nyanya huwezi kuzichagua na macho yako, na gari inakula faida. Lakini meza ya Nyawera ikajaa tena. Mu Agosti mama akalipa deni yangu yote ya Lambert, mashini ikarudi, na hakunitukana hata neno moja.

Basi tafuta kikundi sasa, wakati uko na 500 ya kutia. Uliza nani anashika funguo, maana haifai mutu mumoja azishike zote, na uliza kama kaye inasomwaka mbele ya wote. Hata mashirika yakija na musaada, kikundi yenye kaye safi inaonekana mbio. Na 2025, wakati mabanki yalifungwa hapa mujini, bamama wa muso walikuwa bado wanakopeshana.

Masomo ilifunguliwa tarehe 12 Oktoba 2020. Alhamisi ya juma ile nilienda na mama kwa mukutano, wanaume tulikuwa wawili tu. Nikatia 2.000 mu kijani, 500 mu nyekundu, na mwandishi akaandika jina yangu chini ya ile ya mama.