Viza ya uuguzi Ujerumani: nilianza na saa za mafunzo, ubalozi baadaye

Muuguzi anayetaka kwenda Ujerumani asianze na fomu ya viza. Kule uuguzi unalindwa na sheria, kwa hiyo jibu la mamlaka ya jimbo kuhusu stashahada yako ndilo linaloamua viza gani utaomba. Nilianzia hapo, kwa kuandikia ZSBA, kituo cha Ujerumani cha ushauri kuhusu utambuzi wa taaluma, kilichoko Bonn. Ushauri wao kwa walio nje ya nchi ni wa bure, na wanakuelekeza mamlaka inayokuhusu.

Mamlaka hiyo inachopima ni saa za mafunzo. Mafunzo ya Ujerumani huchukua miaka 3: saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo. Transkripti zetu huonyesha alama na krediti, na kwa hizo peke yake afisa wa kule hana cha kulinganisha. Faili hurudi kuomba nyongeza, na miezi inapita. Niliomba chuo kiandike barua yenye mhuri inayotaja kila somo na saa zake, halafu kila wodi na saa zake: tiba, upasuaji, watoto, wazazi, afya ya akili, afya ya jamii. Sehemu inayopungua mara nyingi ni uuguzi wa wazee. Uzoefu wa kazi unaweza kuziba pengo, ila mwajiri lazima aandike idara, tarehe na majukumu. Barua ya kukusifu kuwa mchapakazi haizibi chochote.

Ongeza leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, pasipoti, na wasifu wa Kijerumani wenye saini. Tafsiri zifanywe na mfasiri aliyeapishwa. Majina yakitofautiana kati ya cheti na pasipoti, shughulikia kiapo cha majina kabla hujatuma kitu.

Wengi wetu hujibiwa kwa Defizitbescheid, yaani mafunzo yametambuliwa kwa sehemu. Tafadhali usiisome kama kukataliwa! Ndiyo inayofungua viza ya kifungu cha 16d cha Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani: unafanya kazi kama msaidizi wa muuguzi huku ukisoma kozi ya kujaziliza au ukijiandaa kwa mtihani wa maarifa. Kibali ni hadi miezi 24, na kinaweza kuongezwa hadi 36. Kwa mwenye mapengo machache napendelea kozi, kwa sababu mtihani ni wa mdomo na vitendo, na ukifeli unarudia mara moja tu.

Lugha: kwa uuguzi lenga Kijerumani cha ngazi ya B1 (ya kati) kabla ya safari; B2, ngazi inayofuata, itahitajika kabla ya leseni kamili. Mtihani wa B1 wa Taasisi ya Goethe una moduli 4, na kila moja inataka pointi 60 kati ya 100. Aliyefeli moja hurudia hiyo peke yake.

Foleni ya ubalozi hupungua mwajiri akitumia kifungu cha 81a cha sheria hiyohiyo, yaani utaratibu wa haraka. Unampa hati ya uwakilishi, anafungua faili katika ofisi ya uhamiaji kwa ada ya euro 411. Idhini ya awali ikitoka, ubalozi hutoa miadi ndani ya wiki 3, na maombi yaliyokamilika huamuliwa kwa kawaida ndani ya wiki 3 nyingine. Viza yenyewe ni euro 75.

Wakala anayekudai pesa ya kukutafutia kazi, achana naye. Waajiri wenye alama ya ubora ya “Faire Anwerbung Pflege Deutschland” (uajiri wa haki wa wauguzi kutoka nje) hawamtozi muuguzi. Kwenye mkataba, kipengele cha kurudisha gharama ukiacha kazi mapema kisomwe neno kwa neno. Hakikisha pia umeandikwa mishahara miwili: wa msaidizi, na wa muuguzi kamili kuanzia siku utakapotambuliwa.