Nani alilipa?

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Bagamoyo, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Kisa cha Bushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, nakisimulia hata usingizini: mwaka 1888 watu wa pwani walikataa bendera ya kampuni ya Kijerumani, Wissmann, ofisa wa Kijerumani, akaja na askari, mji ukapigwa, Bushiri akakamatwa na kunyongwa Pangani, Desemba 1889. Wageni wanapiga picha makaburi ya Wajerumani pale ufukweni, tunapita Boma, kisha tunakwenda kunywa chai.

Mwezi uliopita nilimtembeza mama mmoja wa Kimarekani, nesi mstaafu, kofia ya ukili kichwani. Tulipofika makaburini akaniuliza: "Hao askari wa Wissmann, nani alilipa?"

Nikasema Wajerumani. Akaniuliza Wajerumani gani, maana walikuwa mamilioni. Nikakwama. Miaka yote hiyo, askari katika masimulizi yangu walikuwa wanazuka tu, kama kumbikumbi baada ya mvua.

Usiku nilikaa na simu hadi Mama Zuhura akalalamikia mwanga. Kumbe Januari 1889 Bismarck, kansela wa Ujerumani, alipeleka ombi kwenye bunge la Berlin: marki milioni 2. Jina la ombi lilikuwa tamu, kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani Afrika Mashariki. Mbunge gani atasimama kutetea utumwa? Zikapita. Pesa hizo ndizo zilizomwezesha Wissmann kuajiri Wasudani kule Cairo, na Mei wakawa hapa wanaishambulia ngome ya Bushiri. Aliyesimama kupinga ni August Bebel, fundi wa kukereza mbao aliyeingia siasa. Aliwaambia wenzake kwamba kampuni ile ni kundi dogo la matajiri. Siku hizi nikipita na wageni kwa mafundi wetu wanaochonga milango, namtaja.

Asubuhi nilimpelekea yule mama jibu lake. Akacheka, akaagiza chai ya pili, ndipo akanieleza kwa nini aliuliza.

Katiba ya kwao inasema senti haitoki hazina bila Bunge kuidhinisha. Novemba 2006 wapiga kura wengi, kwa kuchoshwa na vita vya Iraki, walikipa chama cha Democrats mabunge yote mawili. Basi yeye akawa anampigia simu mbunge wake kila Jumatatu: usiidhinishe. Kila mara anapokea kijana, anamwambia asante mama, nitamfikishia mheshimiwa. Akachoka. Akaenda na wenzake sita ofisini kwa mbunge, wakaketi kwenye zulia wakisoma majina ya waliokufa, wanajeshi wa Marekani na raia wa Iraki, zamu kwa zamu. Akiwa pale chini aliona karatasi ya kuhesabia simu juu ya meza ya yule kijana. Safu mbili. Alinichorea kwa kidole juu ya kitambaa cha meza, pale chai ilipomwagika: vijiti vinne, cha tano kinakata. Safu ya "asipitishe" ilikuwa imejaa hadi chini ya ukurasa. Ya "apitishe" ilikuwa na vijiti vinne, havijakatwa.

"Akapiga kura gani?" nikauliza.

"Apitishe. Alisema hawezi kuwaacha vijana wetu bila risasi."

Bunge lilijaribu kutoa pesa kwa sharti la tarehe za kuondoka. Tarehe 1 Mei 2007 Rais Bush akaukataa muswada. Mwezi haukuisha, pesa zikapitishwa bila tarehe yoyote. Mama alilisema hilo kavu, kama anayesoma cheti cha kifo. Polisi walikuwa wamekwisha kuwatoa kwenye zulia.

Nikamuuliza kama hakujuta. Akanikumbusha mwaka 1973, yeye akiwa binti: Bunge lilikata pesa za kuipiga mabomu Kambodia, na Agosti 15 ndege zikasimama. "Kwa hiyo najua bomba linafungika," alisema.

Mimi huku nilikuwa najiangalia. Juni bajeti ikisomwa Dodoma, nasikiliza bei ya soda na petroli, basi. Mbunge wangu sijawahi kumpigia simu, hata kwa mambo ya barabara. Vita vya Kagera havikunifundisha hilo, kwa sababu Amin alikuwa ameingia kwetu na watu walichanga kwa hiari. Baba alitoa mbuzi wawili wala hakuna aliyemshika mkono.

Kuna jambo nililipata baada ya mama kuondoka. Desemba 1906 bunge lilelile la Berlin lilikataa kuongeza pesa za vita vya Wajerumani kule Namibia, koloni lao jingine. Serikali ikalivunja. Uchaguzi wa Januari 1907 ukaja, na chama cha Bebel kikaporomoka kutoka viti 81 hadi 43. Wapiga kura wenyewe waliwaadhibu waliofunga bomba. Sijui kama ningemwambia.

Alhamisi nilipokea wanafunzi wa darasa la sita. Nikawaeleza makaburini habari za marki milioni 2, nikijisikia bingwa. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Babu, na Bushiri naye nani alimlipia?"

Nikamwambia alikuwa na shamba la miwa Pangani, na kwamba mwaka 1888 alimkamata Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka uliofuata, akamwachia kwa fidia ya rupia. Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu wao akaniangalia tu.